Mchakato Uliokataa Kufa

Nimelala kwa saa mbili tu, lakini acha niandike kabla mambo hayajapoa kichwani.

Jana jioni programu ya kutengeneza nakala iliganda katikati ya kazi. Ilikuwa ikiandika kwenye diski iliyo mbali, inayofikiwa kwa iSCSI, yaani kupitia mtandao. Nikaipiga kill -9, amri ya kuua programu kwa lazima. Haikufa. Nikarudia mara tatu, nne. Kwenye orodha ya ps, amri inayoonyesha programu zinazoendeshwa, ilikuwa pale pale, na safu ya hali ilionyesha herufi moja: D.

Anayetunza seva za Linux anaijua herufi hiyo na haipendi. Mchakato, yaani programu inayoendeshwa, umelala ndani ya kerneli, kiini cha mfumo, usingizi ambao hakuna ishara inayoukatiza. Watu wengi hudhani kill -9 ni panga. Ukweli ni kwamba ni ujumbe unaoachwa mlangoni, na mchakato husoma ujumbe ukishaamka. Ukiwa kwenye D hauamki mpaka kile unachokingoja kijibu. Na kerneli ina sababu ya kutouburuta nje kwa nguvu. Huenda mchakato umeshika kufuli la inodi (rekodi ya faili), na ukiondolewa ghafla hakuna atakayelifungua tena. Huenda diski bado inasoma au kuandika kwenye kurasa zake za kumbukumbu. Kurasa hizo akipewa mwingine, data itaharibika kimyakimya.

Mwaka 2008 toleo la 2.6.25 la kerneli lilileta hali ya katikati, TASK_KILLABLE: usingizi usiosikia ishara nyingine ila ile ya kuua. Kwa waliokuwa wakiteseka na NFS, mfumo wa kushiriki faili kupitia mtandao, ilikuwa nafuu kubwa. Lakini si kila kona ya kerneli inaweza kuitumia, na mchakato wangu ulikuwa kwenye kona isiyoweza.

Kufikia saa nne usiku wastani wa mzigo (idadi ya kazi zinazoendeshwa au kungoja) ulikuwa umepita 30 huku prosesa ikiwa karibu haina kazi. Hilo huwachanganya wengi. Tangu 1993 Linux huhesabu na walio kwenye D katika wastani huo, kwa hiyo kila kazi ya ratiba iliyogusa diski ile ilijipanga nyuma ya ya kwanza na kuganda vilevile.

Hapo ndipo mkono ulipoanza kuniwasha niandike umount -l, amri ya kupachua diski bila kungoja wanaoitumia. Nilijizuia, kwa sababu naijua amri hiyo kwa machungu. Miaka kadhaa nyuma niliitumia kwenye diski nyingine iliyokataa kupachuka. Jina lake likatoweka kwenye orodha papo hapo, nikashusha pumzi, nikaichomoa. Sikuwa nimeelewa kwamba amri ile huondoa tu mlango wa kuingilia; mfumo wa faili wenyewe unabaki hai mpaka wa mwisho aliyeushika auachie. Kulikuwa na programu iliyokuwa bado na faili wazi. Mwenzangu alipoteza kazi ya siku mbili, na hakunilaumu hata kidogo, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Kwa hiyo safari hii nilitafuta kilichokuwa kikingojwa. Nilisoma /proc, ambamo kerneli huonyesha hali ya kila mchakato, kwenye faili la stack la mchakato ule, linaloonyesha umekwama wapi: mistari ya jarida la ext4, mfumo wa faili wa diski ile, halafu kungoja diski imalize kuandika. Kwenye dmesg, kumbukumbu ya ujumbe wake, kerneli ilikuwa imeshalalamika kwamba mchakato umezuiwa zaidi ya sekunde 120. Juu yake kulikuwa na mstari niliokuwa nimeupita mara mbili bila kuutazama: njia zote mbili za kwenda kwenye diski zimekatika. Na multipath, programu inayosimamia njia hizo, ilikuwa imewekwa queue_if_no_path, yaani njia zikikosekana, maombi yangoje bila kikomo. Kumbe kila kitu kilikuwa kinafanya kile kile tulichokiagiza.

Tatizo lilikuwa kwenye swichi ya mtandao. Nilipofanikiwa kurudisha njia moja ilikuwa inakaribia saa tisa usiku. Nilikuwa natazama ps inayojirudia kila sekunde. Zile D zikaanza kupungua, moja, mbili, halafu kundi zima. Programu ya nakala iliamka, ikakuta ujumbe wangu wa saa kadhaa nyuma mlangoni, ikafa hapo hapo.

Nikaandika umount, ya kawaida. Jibu: diski inatumika. Nikaita fuser -vm, amri inayoonyesha nani anaitumia diski. Kulikuwa na mshikaji mmoja tu, bash, programu ya kuandikia amri, na herufi c pembeni: saraka yake ya kazi iko ndani ya diski. Ilikuwa terminali niliyoifungua jioni. Nikaenda huko, nikatoka kwenye saraka ile kwa cd /, nikarudia umount.

Amri ilikaa kama sekunde kumi bila neno, ikimwaga yaliyobaki kwenye kumbukumbu. Sikugusa kibodi. Kisha kiashiria kikarudi. Nikaendesha fsck, amri ya kukagua mfumo wa faili, kabla ya kuipachika tena, na haikukuta kosa.