Niandikie

Baba alistaafu ukarani wa reli pale Tanga akiwa na vitu viwili: kiinua mgongo na tabia ya kuandika kila kitu. Kiinua mgongo kiliishia kwenye pikapu mpya ya dizeli, ya tani moja, mwaka 2016. Tabia ilibaki naye. Kwenye kisanduku cha dashibodi aliweka kauntabuku ya kwaya mbili, na humo ziliingia lita za mafuta, kilometa, magunia ya machungwa kutoka Muheza, hata pesa aliyompa kijana wa kuosha gari.

Pale barazani kwetu Ngamiani walimcheka sana. Kwa pesa ile, walisema, angeagiza mawili yaliyotumika kutoka Japani, na chenji ya kahawa ikabaki. Baba alikuwa na jibu moja tu: waranti. Miaka mitatu au kilometa 100,000, kitakachotangulia. Alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja jina la mkwe mwenye cheo.

Mwezi wa nane mwaka uliofuata, giaboksi ikaanza kulia. Gari likiwa limesimama, halina gia, ulisikia mvumo kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Ukikanyaga klachi, kimya. Ukiachia, nyuki wamerudi. Fundi wa mtaani aliinamisha kichwa, akasikiliza, akasema, "Beringi hiyo." Lakini alikataa hata kushika spana. "Mzee, nikifungua mimi, wale watasema nimeiua mimi. Ipeleke kwao ikiwa bikira."

Tukaipeleka kwenye tawi la wauzaji, hapa hapa mjini. Siku tatu baadaye wakapiga simu: Dar wamekataa. Sababu ni kwamba sevisi ya kilometa 15,000 ilifanyika kwenye 15,900, kwa hiyo waranti imekufa. Tukitaka watengeneze, milioni mbili na laki tatu.

Nakiri kwamba mimi nilitaka tulipe, au tutafute giaboksi ya mtumba, yaishe. Nilikuwa na aibu ile ya vijana, ya kumwona mzazi wako akibishana na watu waliovaa tai. Baba hakunijibu. Alichukua kauntabuku, akapanda baiskeli, akaenda. Nikamfuata na bodaboda.

Pale kaunta alisalimia kila mtu, akauliza habari za nyumbani, ndipo akafungua ukurasa na kusoma polepole, kama anasoma orodha ya mabehewa. Kilometa 14,870: nimefika kwa sevisi, filta ya oili hakuna, wanasema itakuja na basi kutoka Dar, nirudi Jumatatu. Kilometa 15,310: nimerudi, filta haijafika. Kilometa 15,900: filta imefika, sevisi imefanyika. Katikati hapo gari lilikuwa kazini. Machungwa hayangojei filta.

Kijana wa kaunta alisikiliza kwa adabu, akasema, "Lakini mzee wangu, hayo umeandika wewe mwenyewe."

Nilimwona baba akifunga kauntabuku. Kwa miaka thelathini na moja mwandiko ule uliaminiwa na treni zenye abiria ndani yake. Leo ulikuwa umeambiwa hautoshi kwa filta moja. Hakupaza sauti. Alisema, "Haya, mwanangu. Basi niandikie."

"Niandike nini, mzee?"

"Kwamba mmekataa, na sababu yake. Kwamba oili ya injini iliyochelewa kilometa mia tisa ndiyo iliyoharibu beringi ya giaboksi. Karatasi yenye jina la kampuni, sahihi na mhuri."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Giaboksi ile ya mkono ina oili yake, haichangii hata tone na injini. Wakati wa sevisi unamwaga oili ya injini na kubadili filta yake. Ya giaboksi hukaa huko huko kwa kilometa nyingi zaidi. Kila fundi mle ndani alilijua hilo. Kulisema kwenye simu ya Dar ni jambo moja, kulitilia sahihi ni jambo jingine. Kijana akasema meneja yuko kikaoni. Baba akasema hana haraka, akakaa kwenye benchi.

Alikaa siku sita. Saa mbili asubuhi baiskeli inaegeshwa chini ya mwarobaini, shikamoo na marahaba zinapita, gazeti linafunguliwa. Adhuhuri anakwenda kuswali, anarudi. Wateja waliokuja kutazama magari mapya waliuliza mzee huyu anangoja nini, naye aliwaeleza kwa upole kabisa, bila kumtukana mtu. Siku ya tatu wakabadili wimbo: huenda gari lilibebeshwa kupita uwezo. Baba akafungua ukurasa wa magunia, kisha akafunga bila kusoma. "Jana ilikuwa oili, leo mzigo. Kesho itakuwa mvua? Niandikieni hilo la mzigo basi, nalo nalipokea."

Mimi, kwa kujitutumua, nilimletea habari za Tume ya Ushindani na ile Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji. Nilizichapa stationari, nikampa. Akazikunja, akatia mfuko wa shati. Hakuzitoa hata mara moja. "Hatujafika huko," alisema. "Ukienda kushtaki bila barua ya kukataliwa, unakwenda kusimulia hadithi."

Siku ya sita, mtu wa stoo alitoka na daftari lake kubwa, lile la vifurushi vinavyopokelewa kutoka kwenye mabasi pale Kange. Yeye na baba walikuwa wameshazoeana kwa kahawa na kashata. Aliliweka kaunta, akaonyesha mstari kwa kidole, akarudi stoo bila kusema neno. Filta ya oili, pikapu, moja. Tarehe ilikuwa ile ile ya baba ya kilometa 15,900.

Meneja, ambaye kikao chake kilikuwa cha siku sita, akatoka. Akaongea na Dar mlango ukiwa umefungwa. Alasiri ile wakaishusha giaboksi. Sijui mpaka leo kilichowashinda ni daftari la stoo au ni kwamba hakuna aliyekuwa tayari kuweka jina lake chini ya uongo. Naegemea hilo la pili, ila baba alimpa sifa yote mtu wa stoo. Makarani wanapendana.

Beringi ilitolewa ikiwa na gololi zenye vishimo, kama jino lililotoboka. Wakaweka mpya, spea na ufundi bure. Oili ya giaboksi wakasema ni juu yetu. Nilidhani tutakaa benchi siku sita nyingine, lakini baba alilipa, akadai risiti ya EFD, akaisoma mstari kwa mstari, akaibandika kwenye kauntabuku kwa gundi ya mtu wa stoo. Barua hakupata, ya kukataa wala ya kuomba radhi. Lilimkera kuliko zile milioni mbili. "Hawakuandika," aliniambia mara mbili tukiwa getini.

Baiskeli tukaipakia nyuma. Hakutaka twende nyumbani, alitaka kwanza tulijaribu gari barabara ya Pongwe, nyuma ya malori ya saruji, mahali unapolazimika kushuka gia na kupanda tena. Nilipowasha redio akaizima. Nikaingiza ya tatu, nikaingiza ya nne. Akaegemeza sikio kwenye dashibodi, kofia mkononi.

"Rudia ya nne," akasema.

Nikarudia. Mpaka Pongwe na kurudi, redio ilikuwa bado imezimwa.