Nilivyoitililia jinzi yangu ya bodaboda hadi ikapona

Anayeendesha bodaboda Uyole, huku Mbeya, mwezi wa Julai anajua kwamba tundu la mapajani si suala la urembo. Alfajiri ukipandisha na abiria nyuma, baridi inaingia hapo hapo, na mikono yote miwili iko kwenye usukani. Jinzi yenyewe niliipata soko la Sido, mtumba, kama elfu kumi na mbili hivi. Ni pamba tupu, nzito, haivutiki hata kidogo. Kuipata ya namna hiyo siku hizi ni bahati, kwa hiyo sikuwa tayari kuitupa.

Fundi niliyempelekea alichukua kipande cha jinzi mpya, kigumu, akakibandika kwa juu na kuzungusha cherehani pembeni mara nne. Nikatoa elfu mbili au tatu. Wiki mbili tu ikachanika tena, na kiraka chenyewe kilikuwa kizima! Kilichokatika ni kitambaa cha zamani pembeni yake, kikafuata matundu ya sindano mstari mzima. Niliporudi akaniambia, "Mdogo wangu, jinzi ikichanika hapo haina dawa, tafuta nyingine." Neno hilo liliniudhi sana, maana dawa ipo.

Kijiweni nao wakanishauri supaglu. Ilikauka ikawa kama kucha, ikanichubua paja kutwa nzima, na jioni ikapasuka vipande vipande. Nguo ya kukalia usiipake gundi hiyo.

Ndipo nikaketi nikaitazama jinzi vizuri. Kwenye tundu nyuzi za bluu zilikuwa zimekwisha, lakini nyeupe zilikuwepo bado, zinakatiza kutoka upande huu hadi ule. Jinzi ndivyo inavyofumwa: nyuzi za bluu zinashuka na mguu, nyeupe zinakatiza, na kila wa bluu unaruka nyeupe mbili au tatu kabla ya kuzama chini ya moja. Kwa sababu hiyo nje inaonekana bluu, na bluu ndiyo inayosagika kwanza. Basi zile nyeupe usizikate hata kama zinaonekana kama uchafu. Ni nusu ya kitambaa iliyobaki, wewe unarudisha nusu nyingine.

Uzi ulinisumbua. Wa nailoni wa dukani uling'aa, tena una nguvu kuliko pamba iliyochoka, unaikata. Nikawaza: kwa nini nisichomoe uzi kwenye jinzi nyingine iliyokufa? Nikachukua mkasi, nikakata ukanda kuzunguka mguu, nikaanza kuchomoa. Nyuzi ndefu zote zikatoka nyeupe, za bluu zilikuwa fupi kama kope! Usiku ule nilipoteza mguu mzima kabla ya kuelewa kwamba ukanda unakatwa kufuata urefu wa mguu. Kesho yake nikakata hivyo, nikapata nyuzi za bluu zenye urefu wa mkono, zimepauka sawasawa na suruali yangu. Uzi mmoja peke yake unakatika, kwa hiyo nilisokota miwili pamoja na kuipitisha kwenye mshumaa. Hakuna duka litakalokuuzia rangi inayolingana namna ile.

Kwa ndani niliweka kiraka kutoka jinzi hiyo hiyo kuukuu, laini, iliyofuliwa mara nyingi hata haiwezi kusinyaa tena. Pembe nilizikata mviringo, na kiraka nikakipitisha tundu hadi kwenye kitambaa kizima, kama vidole vitatu kila upande. Zile pini za shaba kwenye pembe za mifuko ziliwekwa kuzuia kuchanika huku huku. Alizibuni fundi nguo Jacob Davis wa Nevada, na mwaka 1873 yeye na Levi Strauss wakapewa hataza yake, yaani haki ya ubunifu huo, huko Marekani. Mapajani huwezi kukalia pini juu ya pikipiki, kwa hiyo kiraka cha ndani ndicho kinachobeba uzito.

Kitambaa kisilegee, nilikitandaza juu ya mdomo wa kikombe cha bati, nikakifunga kwa ukanda wa tyubu kuukuu ya pikipiki. Kikakaza kama ngoma. Halafu nikashona kwa mkono, chini juu, chini juu, mistari ikifuata mguu. Kila mstari niliumalizia mahali tofauti, mmoja mrefu, wa pili mfupi. Ikiishia yote pamoja utakuwa umejichorea mstari mpya wa kuchanika, kama wa yule fundi. Vaa kastabini, jinzi inatoboa vidole. Ilinichukua jioni tatu.

Tangu hapo siisugui kwa brashi mapajani. Naigeuza ndani nje, naifikicha kwa mkono, naianika kivulini.

Huu ni mwaka wa pili inavaliwa karibu kila siku, na wenzangu wa kijiweni wamekwisha kuniletea suruali nne. Nawaambia waje nayo imefuliwa, na waje mapema, ikiwa bado imepauka tu na mwanga unaanza kupenya ukiinyanyua juani.