Robo kilo ya Mjomba

Mjomba alishuka jana kutoka Tandahimba, amenuna. Gunia la korosho lililotimia kilo 80 kwenye mizani ya mawe ya jirani, kwa mnunuzi likapungua. Hata shikamoo yangu aliiitikia nusu. "Si wewe mwalimu wa fizikia? Nieleze."

Ya mizani ile siyasemi, sikuwapo. Nilimweleza tu kwamba mvutano wa dunia haulingani kila mahali: London, kitu kinachoanguka huongeza mwendo kwa mita 9.81 kwa sekunde kila sekunde, kwetu Mtwara 9.78. Mizani ya springi iliyowekwa sawa London, ukiileta huku bila kuirekebisha, inakula karibu robo kilo kwa kila gunia, na hakuna aliyedokoa. Ya mawe haina shida hiyo, maana jiwe na korosho huvutwa sawasawa.

"Kumbe hata dunia inatupunja," akasema.

Usingizi ukanipaa. Nikawa nawaza kifaa ambacho sijawahi kukiona kwa macho: intaferomita ya atomi baridi. Mark Kasevich na Steven Chu walipima nacho mvutano mwaka 1991 huko Stanford, Marekani. Atomi ya kawaida hupaa mamia ya mita kwa sekunde. Leza huisukuma kinyume hadi inatambaa, na huko kutambaa ndiko ubaridi wenyewe. Kisha inaachwa ianguke ndani ya ombwe, mahali pasipo hewa, na kupigwa mimweko mitatu ya leza. Atomi nayo huenda kama wimbi: mmweko wa kwanza unaligawa wimbi hilo njia mbili, wa pili unazigeuza, wa tatu unazikutanisha. Mawimbi yalivyopishana ndiyo yanayotaja mvutano. Kila mwaka Fomu Siksi huniuliza, "Atomi moja, njia mbili?" nami hujibu kwa chaki kuliko kwa mdomo.

Kufikia 1999 maabara ya Chu ilikuwa inapima hadi sehemu 3 katika bilioni. Kwa usahihi huo, bamvua ikipanda hapa Mikindani, kifaa kilichofungiwa chumbani kingeuhisi mwezi ukivuta, bila kuona tone la maji.

Ila kinachonivuta mimi ni kingine. Jiwe la mizani hulika, springi huchoka. Atomi ya siziamu, aina ya metali, ya Paris na ya Mtwara ni ile ile, wala hakuna wa kuichonga tupa usiku.

Asubuhi nikamwambia Mjomba hayo yote. Akamaliza muhogo wake, akajifuta mikono.

"Sawa, mwalimu. Na namba anaisoma nani?"