Damu ya kabla ya sindano

Nilisomea uhandisi wa umeme kabla sijahamia kwenye chanjo, na huko ndiko nilikopata silaha yangu kubwa. Fundi yeyote anajua kwamba huwezi kusema mtambo umeitikiaje ulipowashwa kama hukupima ulikuwaje kabla.

Sisi wa biolojia ya mifumo tunapima maelfu ya jeni kwenye damu kwa mkupuo, kisha tunatafuta zipi zinapanda na kushuka pamoja, yaani zipi zinafanya kazi zaidi au kidogo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walionyesha kwamba mtu akichanjwa homa ya manjano, jeni za siku chache za mwanzo zinaweza kutabiri kinga atakayokuwa nayo wiki kadhaa baadaye. Watu wakakimbilia kupima siku ya tatu na ya saba baada ya chanjo. Mimi nilivutwa na utafiti wa 2014 uliolinganisha Entebbe na Lausanne, Uswisi. Chanjo ilikuwa ileile, lakini watu wa Entebbe waliitikia kwa unyonge, na kinga yao ilikuwa imeshachangamka hata kabla ya sindano.

Kwa hiyo nilipokabidhiwa ratiba ya kuchukua damu katika utafiti wetu wa chanjo, niling'ang'ania siku ya sifuri, yaani kabla ya sindano. Kila mshiriki atolewe damu mara mbili kabla ya chanjo, asubuhi, saa ileile, apimwe na malaria. Wenzangu waliguna, maana mirija ile ni ghali.

Mzee mmoja naye hakuridhika. "Daktari, hujanichoma sindano, damu unaitakia nini?"

"Mzee wangu, wiki ijayo nikiona kitu kimepanda, nitajuaje kama ni chanjo au ni mafua yako?"

Akacheka, akakunja mkono wa shati.

Mrija wenye dawa ya kutunza RNA, nakala za jeni zinazoonyesha zipi ziko kazini, huchukua mililita 2.5 tu za damu. Unaupindua taratibu mara nane hadi kumi, hautikiswi. Bila dawa hiyo seli huendelea kubadilika humo ndani, ukaishia kupima tabu za mrija badala ya mwili wa mtu. Unakaa nje ya friji hadi siku 3, jambo ambalo mtu aliyezoea kukatikiwa umeme analithamini.

Maabara nilisisitiza sampuli zote za mtu mmoja ziingie kwenye mashine kwa pamoja, na RNA ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, iondolewe kwanza, la sivyo inameza sehemu kubwa ya usomaji.

Mchoro wa kwanza ulipotoka, kila nukta ikiwa sampuli moja, nukta zilijikusanya kwa mtu, siyo kwa siku: kila mmoja na damu yake. Nilipoondoa kipimo cha siku ya sifuri cha kila mshiriki kwenye vipimo vyake vya baadaye, siku zikajitenga, jeni za intaferoni, ishara ya mwili ya kupambana na virusi, zikiwa mbele. Tofauti kati ya zile damu mbili za mwanzo ikanipa kiwango cha kuyumba kwa kawaida, na chochote kilichokuwa chini yake nilikitupa. Wale ambao jeni hizo zilikuwa juu tangu mwanzo tumewatenga kundi lao, na sasa tunasubiri majibu ya kingamwili zao.