Dole gumba la baba mdogo

Ilikuwa mwezi wa tano 2016, nina miaka 22, nakaa Kiboriloni hapa Moshi na mama. Nilikuwa nimeharisha vibaya siku tatu, nikapona nikasahau kabisa, kama siku kumi baadae nataka kupanda Hiace niende mjini mguu wa kulia ukagoma kunyanyuka, konda akanivuta mkono akidhani nimelewa. Jioni yake hata kikombe cha chai nashika kwa mikono miwili. Na kilichotuchanganya wote, ganzi sikuwa nayo, ukinifinya nasikia, maji ya baridi nasikia, ila miguu haifuati ninachoiambia.

Siku ya nne nikapimwa mishipa ya fahamu kwa umeme, majibu yakaja karibu kila kitu kiko sawa. Hapo ndo shida ilipoanzia, maana baba mdogo ndo alikuwa ameshika hela ya mchango wa ukoo (baba yangu alishafariki), akasoma ile karatasi akasema huyu kijana mzima, mashine imesema, labda ana mawazo tu. Wengine wakaanza habari za kurogwa. Na mimi nipo pale kitandani, kujigeuza tu mpaka nigeuzwe.

Daktari wa wodini, mama mtu mzima, hakuyumbishwa na ile karatasi. Alinigonga magoti kwa kanyundo, kimya, akagonga visigino, kimya. Akamwambia mama, "Mama, kipimo kile kikiwahi sana, wiki ya kwanza, kinaweza kuonyesha mishipa mizima wakati mgonjwa anazidi kuishiwa nguvu. Tutarudia." Siku ya nane wakanitoa maji ya uti wa mgongo, protini iko juu ila chembe za kinga hazijaongezeka, akasema hii ndo alama walioandika Wafaransa watatu mwaka 1916 kuhusu askari wawili, ugonjwa unaitwa Guillain-Barré. Kinga ya mwili ilipigana na bakteria wa lile tumbo, na kwa vile ganda la bakteria linafanana na kitu kilichopo kwenye mishipa, ikageukia mishipa yangu. Kila baada ya saa chache nahesabu namba kwa pumzi moja, waone kama nguvu ya kupumua inapungua, nilianza na 30, kesho yake 18, nilimuona daktari alivyobadilika uso.

Dawa ni kingamwili za drip, gramu 22 kwa siku kwa kilo zangu 55, siku tano, bei yake sitaki hata kuikumbuka. Baba mdogo akagoma. Mama hakubishana nae, alienda akauza ng'ombe wa maziwa, yule mmoja tuliekuwa nae.

Wiki ya tatu tukarudi kwenye mashine na baba mdogo akaja, nadhani alitaka kuona mwenyewe. Nilibandikwa vibati kwenye dole gumba, umeme ukapigwa kifundo cha mkono, dole halikucheza kabisa. Daktari akaeleza ugonjwa huu una sura nyingi, mshipa wa fahamu ni kama waya, kuna unaokula ganda la nje la waya umeme ukatembea polepole, kuna unaoanzia machoni mtu anaona viwili viwili na kutembea kwa kuyumba, na huu wangu unaopiga waya wenyewe, tena wa misuli tu, ulioonekana sana kwa watoto wa vijijini kaskazini mwa China. Ndo maana nilikuwa nasikia kufinywa, mawimbi ya hisia yalikuwa yamesimama vizuri tu. Kasi pia ilikuwa nzuri, mita 54 kwa sekunde, ila wimbi la msuli lilikuwa milivolti 0.8.

Baba mdogo akauliza, "Sasa hiyo 0.8 ni kidogo?"

Daktari hakujibu kwa maneno, akamwambia, "Shikamoo mzee, kaa hapa, nipe mkono." Akambandika vibati vile vile, pale pale. Umeme ulipopigwa dole gumba lake likaruka mpaka mzee akashtuka, na kwenye kioo wimbi likapanda kama mlima, milivolti 9. Daktari akaziweka karatasi mbili pembeni kwa pembeni mezani, ya mzee na yangu.

Baba mdogo alizitazama muda mrefu sana. Halafu akamgeukia mama, sauti imeshuka, "Shemeji, yule ng'ombe ulimuuza shilingi ngapi?"