Betri ya Saa

Juzi jioni mzani wa jikoni ulizimika ghafla, unga wa maandazi ukiwa juu yake. Binti yangu akaugeuza, akafungua kifuniko cha chini kwa ncha ya kisu, akaniletea betri kiganjani. "Baba, hii ndogo hivi ni ya kazi gani?"

Nikaisogeza kwenye taa. CR2032. Nikamweleza kwamba zile namba ni vipimo tu: 20 ni upana wake kwa milimita, na 32 ni unene, yaani milimita 3.2. Akaridhika, akaenda kutafuta nyingine kwenye droo. Mimi nikabaki nimeishika, nipo Ngamiani, Tanga, sebuleni kwa baba.

Mwaka 2013, masika hayajaanza. Baba alinipigia simu mara tatu ndani ya wiki moja, na kila mara alianza na maneno yaleyale: "Magazeti yanafunguka, barua haifunguki." Barua ni baruapepe. Dada yuko Maskati, na kila Ijumaa alimtumia picha za wajukuu. Nikamwelekeza kama nilivyozoea kuwaelekeza watu wa maofisini: chomoa modemu, hesabu mpaka thelathini, ichomeke tundu la pili, angalia bando, zima kompyuta uwashe. Akafanya yote. Alikuwa karani mstaafu wa reli, na kila hatua aliiandika kwenye daftari pamoja na saa aliyoifanya. Mara ya tatu akaongeza, "Na saa yake nayo imeharibika. Inaniambia tuko mwaka 2002."

Nikamwambia hiyo tutaitazama baadaye.

Leo mtu akiniambia kurasa nyingine zinafunguka na nyingine zinagoma, kabla sijauliza habari ya modemu namuuliza kompyuta yake inasoma tarehe ngapi. Kurasa zenye alama ya kufuli, kama za baruapepe na benki, hujitambulisha kwa cheti, na cheti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba tuko 2002 ikionyeshwa cheti cha 2013 inaona ni cha uongo, siku yake haijafika, basi inafunga mlango. Magazeti aliyosoma baba wakati ule hayakuwa na kufuli. Ndiyo maana yalifunguka. Alinipa ugonjwa wote kwa sentensi mbili.

Jumamosi nikapanda basi la alfajiri. Chalinze, Segera, Muheza, adhuhuri nikawa nyumbani. Kompyuta ilikuwa pale pembeni ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma cha marehemu mama. Nikapima mtandao kwa ping, amri ya kuulizia kama kompyuta ya mbali inasikika, na 8.8.8.8, anwani ya Google, ikajibu vizuri. Kwa hiyo laini nzima, modemu nzima. Nikajaribu vivinjari viwili, vyote vikakataa barua. Nikasema ni virusi. Nikaamua kupiga Windows upya.

"Vitu vyako viko wapi, baba?"

"Viko palepale usoni."

Nikafungua folda ya nyaraka, nikanakili kila kilichokuwemo kwenye flashi, na picha zote. Nikaingiza sidii, nikafomati, yaani nikaisafisha diski ianze upya.

Kupakia Windows XP kunachukua muda, na kuna skrini ya bluu inayokuhesabia dakika zilizobaki. Katikati inasimama na kukuuliza maswali. Ilikuwa baada ya Magharibi. Baba alikuwa amevuta kiti nyuma yangu, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, tasbihi inapita vidoleni bila sauti. Feni ya sipiyu ilikuwa inakwaruza. Nje mtu alikuwa anakaanga mihogo, na harufu ya mafuta iliingia dirishani ikachanganyika na ile ya vumbi la mashine iliyopata moto. Ukaja ukurasa wa tarehe na saa. Baba akainama mpaka nikasikia pumzi yake begani, akanyoosha kidole mpaka karibu aguse kioo.

"Ndiyo hiyohiyo. Unaiona? Elfu mbili na mbili."

Nikabofya mshale wa juu mara kumi na moja, mpaka ikasoma 2013. "Sasa itakaa sawa, baba."

"Lakini kwa nini ilirudi nyuma?"

Mkono wangu ulikuwa bado juu ya puku. Nakumbuka niliutazama ule mwaka nilioubadilisha, na nakumbuka kwamba swali nililisikia vizuri. Halikuwa gumu. Lilihitaji nisimame kidogo, nirudie moyoni maneno yake ya wiki nzima. Kwenye skrini palikuwa na kitufe cha kuendelea, nikakibofya. Adhana ya Isha ikaanza, baba akanyanyuka kwenda kutawadha.

Saa tatu usiku barua ikafunguka. Picha za Maskati zikashuka moja moja, mjukuu na kanzu yake mpya, baba akanishika kichwa akaniombea dua. Jumapili nikarudi Dar nimefurahi.

Jumatatu asubuhi simu ikaita. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Magazeti yanafunguka."

Hakuhitaji kumalizia. Kila usiku baba alizima swichi ya ukutani, kwa kuogopa umeme wa kuja na kuondoka. Kompyuta ya mezani ikiwa imeunganishwa na umeme, hata ukiizima, kuna umeme kidogo unaobaki ndani na kuitembeza saa. Ukikata ukutani, saa inabaki kutegemea betri moja bapa iliyoshikwa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani. Ya baba ilikuwa imekufa. Kila asubuhi mashine ilianza maisha upya mwaka 2002. Windows hujaribu kusahihisha saa kupitia mtandao, lakini ile ya XP iliulizia mara moja kwa wiki, na ikikuta tofauti imezidi saa 15 haisahihishi kitu. Usiku ule mimi sikutibu chochote. Niliandika tarehe sahihi, basi, na hiyo ndiyo iliyofungua barua.

Kijana mmoja mwenye kibanda cha simu mtaani kwetu alifungua sipiyu siku ileile, akabadilisha betri kwa shilingi 1,500. Baba akanipigia kunijulisha imepona. Kisha akauliza, "Na ule ukoo umeuweka wapi?"

Lilikuwa faili moja, UKOO, lililokaa kwenye uso wa kompyuta katikati ya alama za programu, si ndani ya folda ya nyaraka. Niliiona ile alama. Nilidhani ni njia ya mkato, alama ya kufungulia kitu kilichowekwa kwingine. Baba alianza kuuchapa alipostaafu, kutoka kwa babu wa babu yake aliyehamia Pangani, nani kazaa nani, nani kaolewa wapi. Alikuwa akisafiri kwenda kuwauliza wazee. Baadhi yao walikuwa wameshafariki tangu awahoji.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na programu ya kufufua mafaili. Kufomati kwa haraka hakufuti maandishi, hufuta orodha inayosema kila kitu kiko wapi, kwa hiyo matumaini yalikuwepo. Lakini Windows mpya ilikuwa imeshajipanga juu ya yale ya zamani, na baba alikuwa ameitumia mashine wiki nzima. Tulikesha. Zilirudi picha tulizokuwa nazo tayari, na kurasa tatu za ukoo. Ya tatu inakatika katikati ya mstari: "aliolewa Pangani na", halafu visanduku vitupu mpaka mwisho.

Hakunilaumu. Alisema mwenye kuhifadhi ni Mungu, akanunua daftari kubwa, akaanza upya kwa kalamu. Alipougua 2016 alikuwa hajafika mbali.

Nimewahi kujiambia kwamba hata ningemsikiliza, pengine nisingejua. Habari ya vyeti na tarehe nilikuja kuielewa baadaye, na mwaka ule kazi yangu ilikuwa kuvuta nyaya na kufunga printa. Siku nyingine naona huo ni utetezi. Mashine inayosahau mwaka kila ikikatiwa umeme, fundi yeyote angeulizia betri, mradi awe amekubali kwamba tarehe ni sehemu ya ugonjwa. Sijapata jibu linalonitosha.

Binti akarudi na betri mpya, bado imo ndani ya karatasi yake. Nikamwambia betri kama hii imo hata ndani ya kompyuta. Akaacha kuchana karatasi.

"Ikiisha, kompyuta inasahau kila kitu?"

"Inasahau tarehe na mipangilio michache ya kuwakia," nikamwambia. "Vingine vyote vinabaki palepale."

Akaipachika chini ya mzani, akafunga kifuniko, akaugeuza. Ukawaka, ukasoma sifuri.