Bei ya Ndoo na Maji ya Makutupora

Nilipokuwa mpangaji pembezoni mwa jiji la Dodoma niliyahesabu maji kwa ndoo ya lita 20, si kwa uniti, na tangu wakati huo kila ninaposikia kwamba bei ya maji ni nafuu huuliza: nafuu kwa nani? Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50. Siku ambazo bomba la mtaani lilikuwa kavu, mwenye mkokoteni aliniuzia ndoo kwa shilingi 300, na kwa hesabu hiyo uniti ilinigharimu shilingi 15,000.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo kwamba mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 kutoka anapoishi, na kila kituo cha kuchotea kihudumie watu 250. Kipimo hicho ni kizuri, ila mita 400 hazimsaidii mama ambaye akifika kituoni hana fedha ya ndoo. Mijini, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, huidhinisha bei baada ya taftishi, yaani kukusanya maoni ya umma, na mjadala huelekea zaidi kwenye ankara ya mwenye dira (mita ya maji). Hata ule utaratibu wa bei kupanda kadiri matumizi yanavyoongezeka, unaosifiwa kuwa unamlinda maskini, huweza kumgeuka: familia sita za wapangaji zinazotumia dira moja huonekana kama mtumiaji mmoja mwenye israfu, zikatozwa kama mwenye bustani.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaotaka maji yawe ya bei ya chini kwa kila mtu, na sababu yangu ni Makutupora. Kwa miongo mingi Dodoma imetegemea visima virefu vya bonde hilo, kaskazini mwa jiji, ambako kina cha maji kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950. Kumbukumbu hizo zinaonyesha kwamba hazina ile ya maji ya chini ya ardhi haijazwi na masika ya kila mwaka. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida, kama ile ya El Nino ya 1997 na 1998, na kati ya misimu hiyo kina hushuka kadiri pampu zinavyovuta. Tangu uamuzi wa mwaka 2016 wa kuhamishia Serikali Dodoma, wanaochota wameongezeka sana, ilhali mvua hiyo haina ratiba. Bei ya chini kwa wote humnufaisha zaidi anayetumia maji mengi, huku akiba ikipungua.

Ningependa ruzuku ihamishwe kutoka kwenye uniti iende kwenye maungio ya nyumba za kipato cha chini na kwenye ndoo ya kituoni, dira ya wapangaji ihesabiwe kwa idadi ya kaya, na anayemwagilia ukoka alipe gharama kamili, ikiwamo ya kulinda eneo la visima dhidi ya ujenzi na kilimo. Haya yanafaa kuamuliwa sasa, kabla ya kukamilika kwa miradi ya kuleta maji Dodoma, ule wa Bwawa la Farkwa na ule wa bomba kutoka Ziwa Victoria, kwa sababu maji yatakayosukumwa kwa umeme kutoka mbali yatakuja na gharama zake, na mwenye mkokoteni naye atapandisha bei.